Jinsi ya kusoma kitabu na kuangalia muvi ukiwa Mkristo, na kuanzisha kikundi chake hapa Dodoma

Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu, na Wagogo wa nyumbani kabisa mbukwenyi. Swali ambalo vijana wa kanisani wananiuliza kuliko yote, wa vyuo vikuu vya UDOM na St. John's, mpaka wale wanaofanya kazi Mji wa Serikali pale Mtumba, ni hili: mwalimu, hii muvi inafaa kuangaliwa na mtu aliyeokoka? Na hiki kitabu je? Wanataka niseme ndiyo au hapana alafu waendelee na safari. Kazi yangu ya kila siku ni Biblia, vitabu na utamaduni, ningeweza kuwapa orodha ya vinavyofaa na visivyofaa, ila orodha inachakaa haraka maana kila wiki kuna sizoni mpya, na mtu anayeishi kwa orodha ya mwenzake hajajifunza kupima mwenyewe. Paulo aliwaambia Wathesalonike wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema, na kujaribu ni kazi ina hatua zake, kwahiyo naandika hizo hatua kama tunavyozifanya, na baadaye nitaeleza namna ya kuzifanya mkiwa kikundi.

Maliza kwanza ndo useme

Hii ya kwanza kwangu ndo kubwa. Usiseme kitu kuhusu kazi ambayo hujaisoma au hujaiangalia. Na sababu yangu ni amri kabisa: usimshuhudie jirani yako uongo, Kutoka 20:16, amri ya tisa kwa hesabu yetu Waanglikana, ya nane kwa Wakatoliki na Walutheri. Mwandishi wa riwaya ni jirani yako. Aliyeshika kamera ni jirani yako. Mtu akirusha voisi kwenye grupu la kwaya kwamba riwaya fulani ni ya kishetani, na yeye kaona jalada tu au kasikia kwa shemeji yake, huyo kamshuhudia mtu uongo, hata kama alikuwa na nia ya kulinda vijana, hata kama baadaye ikaonekana kitabu kweli kina matatizo. Hakujua wakati anasema.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Kitabu kisome mpaka ukurasa wa mwisho, simu iwe chumba kingine. Muvi usiruke-ruke, na zile dakika kumi za mwanzo usiziangalie huku unapika maana ndo pale mtengenezaji anakuonyesha anataka uangalie nini. Na kama ni ile iliyotafsiriwa na DJ, ambayo mitaani kwetu Chang'ombe na Majengo ndo nyingi, kumbuka unapokea kazi mbili kwa mpigo, ya waigizaji na ya DJ, na DJ anaongeza utani wake, anampa mhusika jina la mtaani, saa nyingine anageuza kabisa maana ya maneno. Mimi nazipenda, kuna ufundi mkubwa mle wa lugha, lakini ukitaka kumhukumu aliyetengeneza filamu tafuta na ile ya awali usikie sauti zenyewe.

Ukimaliza usikimbilie kusema nimependa au sijapenda. Chukua karatasi uandike vitu vitatu ulivyoviona au kuvisikia, vitu vyenyewe tu bila maoni yako: mlango uliofungwa mara nyingi, neno ambalo baba analirudia, nguo ya rangi ileile. Hii inaonekana ndogo ila watu wengi wakikaa na kalamu wanagundua hawakuona kitu, walikuwa wanasubiri tu sehemu ya kukasirikia.

Jua hadithi inavyokufikia

Soma 2 Samweli 12 polepole. Daudi kamchukua mke wa Uria, Uria kauawa vitani kwa mpango wake, na nabii Nathani anatumwa aende ikulu. Angeweza kuingia na torati mkononi akasoma amri ya sita na ya saba, usiue na usizini, Daudi alizijua zote. Akaingia na hadithi. Tajiri mmoja, maskini mmoja, na mwanakondoo. Sasa angalia Nathani anavyogawa maneno: tajiri anapewa sentensi moja tu, kwamba alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi sana. Mwanakondoo wa maskini anapewa kila kitu, alinunuliwa, akalelewa, akakua pamoja na watoto, alikula chakula cha yule maskini, akanywa kwenye kikombe chake, akalala kifuani kwake, akawa kama binti. Hapo Daudi keshamuona. Anakasirika, anahukumu kifo, ndo anaambiwa: Wewe ndiwe mtu huyo.

Daudi angesema mimi mfalme sina muda wa stori za mifugo, asingetubu siku ile. Nakuomba uangalie pia kwamba Nathani hakuanza na funzo. Tunawazoesha watoto kuuliza hadithi hii inatufundisha nini kabla hata haijaisha, shuleni wanajibu dhamira na ujumbe kwa ajili ya mtihani, na kanisani hivyohivyo, mpaka mtu anakuwa mzima hawezi kukaa ndani ya hadithi bila kutafuta mstari wa kuandika kwenye daftari. Swali linalofaa kwanza ni: humu ndani mimi ni nani? Na ukijiona kila mara wewe ndo yule mwema, rudi usome tena.

Tofautisha kuonyesha na kusifia

Hapa ndo ugomvi mwingi unaanzia. Mtu anasema kitabu kina ulevi, kina uzinzi, kwahiyo hakifai. Kwa kipimo hicho utatoa Waamuzi 19 kwenye Biblia yako, utatoa Mwanzo 38, utatoa na hiyo ya Daudi. Biblia inaonyesha ubaya waziwazi, swali ni inauonyesha kwa jicho gani. Angalia nani analipa gharama ya kile kitendo. Angalia aliyeumizwa ana jina na sura, au katupwa tu pembeni. Angalia kama tukio limewekwa ili uelewe au limewekwa ili utamani. Hizi hazihitaji digrii, zinahitaji utulivu.

Nichukue mfano mmoja unaojulikana, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, aliyezaliwa 1944 na kufariki 2020. Kitabu kilitoka 1971 na kuna kipindi kilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya yale anayoyafanya Rosa. Jina lenyewe ni la Bikira Maria, Wakatoliki wanalijua kwenye litania. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi, mkali kupita kiasi, na kuna tukio mapema kabisa ambapo barua ya kijana inakutwa na Zakaria anampiga binti yake kipigo kibaya sana. Binti anakua akiwaogopa wanaume. Alafu anafika masomoni, mbali na ile fimbo, na hana kitu kingine ndani kilichomfundisha kuchagua, ilikuwa fimbo tu, anapotea vibaya na mwisho wake anajiua.

Sasa msomaji Mkristo anaweza kufunga kitabu pale Rosa anapoanza kuharibikiwa akasema uchafu huu. Akifunga pale atakuwa kamuona Rosa na hajamuona Zakaria, na Kezilahabi anamuuliza maswali mazito zaidi Zakaria. Ukiwa na Waefeso 6:4 kichwani, akina baba msiwachokoze watoto wenu, riwaya nzima inasomeka tofauti. Nimekaa kwenye vikao ambavyo wazee walikuja na kalamu nyekundu kuhesabu kurasa chafu, na tulipofika kwenye ile barua na kile kipigo pakawa kimya, mzee mmoja akauliza taratibu, sasa na huyu mama yake Regina alikuwa na nafasi gani ya kusema kitu ndani ya nyumba ile? Tukaongea jioni nzima kuhusu nyumba zetu wenyewe, watu wa kanisa, tena nyumba za viongozi. Hakuna semina ya ndoa iliyowahi kutufikisha pale.

Hii haimaanishi nakubaliana na riwaya yote. Naona uchungu wa Kezilahabi ni mkubwa kiasi kwamba neema haipati pa kusimama, kila mlango unaofunguka kwa Rosa unafungwa, na mimi naamini wapo akina Rosa waliofunguliwa. Hilo nalisema na nitaendelea kulisema, ila nalisema baada ya kumsikiliza mpaka mwisho, na naamini yeye angeweza kunijibu.

Nimpende nani, nimwogope nani, nimsahau nani

Haya ni maswali matatu ninayompa kila mtu ayatumie kwenye muvi yoyote, iwe ya Marekani, ya Korea, ya Kinaijeria au bongo muvi. Kila filamu inakupangia mtu wa kumpenda, mtu wa kumwogopa, na mtu wa kupita mbele yako bila kumuona. Ukishajua hao watatu ni nani umeshajua mengi kuhusu imani ya ile filamu, hata kama haijataja Mungu.

Tuziangalie kwa mfano zile muvi za uchawi, maana hizi ndo zinapita kanisani kirahisi zikihesabika za Kikristo kwa sababu mwishoni mchungaji anashinda. Mnazijua. Kijana wa mjini ana kazi nzuri, ghafla mambo yanaharibika, mtoto anaumwa, gari linapata ajali, na kijijini kuna bibi kizee anaishi peke yake, macho mekundu, usiku kamera inamuonyesha akiwa na ungo. Zikibaki dakika kumi mchungaji anaingia na suti, anakemea kwa sauti, bibi anaanguka, familia inalia kwa furaha, mwisho.

Uliza sasa. Nani ninatakiwa nimwogope? Bibi. Amejulikanaje kuwa mchawi? Kamera imemuonyesha, kwahiyo mtazamaji haruhusiwi hata kuwa na mashaka. Lakini kwenye maisha yetu hakuna kamera. Kuna jirani tu anayesema. Na jamani sisi ni Watanzania, tunajua yaliyotokea Shinyanga, Mwanza, Tabora, vikongwe wamekatwa mapanga usiku kwa tuhuma za uchawi, na wengi wa hao ushahidi uliotajwa juu yao ni macho mekundu, ambayo mama yeyote aliyepika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha atakuwa nayo. Sheria ya Uchawi tuliyonayo tangu 1928 inamhesabu mkosaji hata anayemtuhumu mwenzake uchawi. Kwahiyo muvi inaimba haleluya mwishoni lakini kwa saa moja na nusu imekuwa inamshuhudia uongo mjane mzee, na kijana aliyeiangalia anaenda likizo kijijini Mvumi au Bahi anamuangalia bibi yake kwa jicho lingine.

Endelea kuuliza. Ndani ya ile familia nani ana dhambi? Hakuna hata mmoja, ubaya wote uko nje, umekaa kwenye kibanda cha bibi. Yesu kwenye Marko 7 anasema ubaya unatoka ndani, moyoni mwa mtu. Na mchungaji mle, je, alimtembelea bibi kabla? Aliwahi kuongea naye? Linganisha na Yohana 9, wanafunzi wanamuona kipofu wanauliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, na Yesu anakataa kabisa swali lao, anamshughulikia mtu. Mimi sisemi hakuna nguvu za giza. Naamini zipo, na naamini Kristo amezishinda. Ninachosema ni kwamba filamu ikiwa na mchungaji haiwi ya Kikristo papo hapo, na iko filamu isiyotaja kanisa hata mara moja ambayo inaelewa msamaha kuliko hiyo.

Swali la tatu, nimsahau nani, linatugusa sana watu wa huku kati. Mabinti wengi wanaokwenda Dar kufanya kazi za ndani wanatoka Dodoma na Singida. Waangalie kwenye muvi, dada wa kazi anafungua geti, analeta juisi, anagombezwa, anatoka. Hana jina, au ana jina la kuchekesha. Mchekeshaji akitaka ombaomba anampa lafudhi ya Kigogo na watu wanacheka, na sisi wenyewe tunacheka. Ukiamini kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu inabidi hapo uvunje kicheko uulize, huyu dada analala wapi kwenye nyumba hii, na mama yake yuko wapi.

Kuna vitu vya kukataa bila kikao. Picha za ngono hazina cha kujadili, aliyevuliwa pale ni binti wa mtu na mara nyingi hakuwa na uhuru wa kukataa. Zaidi ya hapo heshimu dhamiri ya mwenzako, Warumi 14. Aliyetoka kwenye ulevi anaweza asiweze kuangalia filamu ambayo wewe huoni shida, usimbishie, na yeye asikutungie sheria.

Pokea chema na umtaje mwenyewe

Matendo 17, Paulo yuko Athene. Kabla ya kuhubiri alizunguka mjini akaangalia vitu vyao vya ibada, akasoma maandishi kwenye madhabahu. Alafu kwenye hotuba akachukua mstari wa mshairi wao, sisi sote tu wazao wake. Huo ni mstari wa Arato, mtu wa Kilikia kama Paulo mwenyewe, aliyeishi karne ya tatu kabla ya Kristo, na kwenye shairi lake alikuwa anamsema mungu wao Zeu. Paulo alijua. Aliuchukua kwa sababu kulikuwa na kweli ndani yake, akaielekeza kwa Mungu aliye hai, na akasema wazi kwamba ni maneno ya washairi wenu. Hata ule mstari wa 1 Wakorintho 15:33, mazungumzo mabaya huharibu tabia njema, tunaoubandika kwenye daladala, ulitoka kwa Menanda, mwandishi wa michezo ya kuigiza ya Kigiriki.

Mwalimu Nyerere naye alikuwa hivyo. Mkatoliki wa misa kila siku, rais wa nchi, akakaa kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Mabepari wa Venisi ikatoka 1969, na uzeeni akaziweka Injili na Matendo ya Mitume kwenye tenzi zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda-Peramiho. Mtu huyohuyo, kalamu ileile. Vijana wanaodhani kusoma fasihi ni kupunguza kiroho nawaelekeza hapo.

Kikundi sasa

Peke yako utaona nusu, kwahiyo tafuta watu sita mpaka kumi. Zaidi ya hapo wanaongea walewale wawili, kawaida wanaume, kawaida waliosoma. Changanya umri na kazi: mwanafunzi, mama anayeuza soko la Sabasaba, bodaboda, mzee wa kanisa, mtumishi wa serikali aliyehamia juzi kutoka Dar na bado analalamika vumbi. Kama jirani Mwislamu anapenda vitabu mkaribishe kwa heshima na umwambie kabisa tutasoma kwa jicho la imani yetu na yeye asome kwa lake.

Mchungaji wako lazima ajue kabla, nenda kwake na kitabu chenyewe mkononi, mwachie akisome. Usimshtukize na tangazo. Wachungaji wengi wanaopinga vitu hivi wanapinga kwa sababu walikuwa wa mwisho kusikia, na mzee akiwa wa mwisho kuambiwa hata mimi namuelewa.

Vitabu: anzia Maktaba ya Mkoa, alafu kama una mtu chuoni muombe akaangalie maktaba yao, na wauza vitabu vya mtumba mjini wana maajabu ukiwa mvumilivu. Kisichopatikana mwagize mtu Dar akiweke kwenye basi. Nakala tatu zinatosha watu tisa kama mna nidhamu ya kupokezana wiki kwa wiki. Msipige fotokopi kitabu kizima. Na kwenye filamu nasisitiza zaidi, zile za kuingiziwa kwenye flashi dukani mara nyingi ni za wizi, na tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na hata isingekuwepo tuna usiibe. Kuonyesha filamu ukumbini mbele za watu kunataka ruhusa ya mwenye kazi. Watengenezaji wa hapa nchini ukiwaandikia ujumbe kwa adabu kwamba sisi kikundi kidogo cha kanisa Dodoma tunaomba kuonyesha kazi yako, tutachangishana kiasi fulani, wengine wanakubali kwa furaha na wengine wanataka mpaka kujua watu walisema nini. Angalia pia daraja la umri la Bodi ya Filamu, usilete watoto wa Sunday skuli kwenye filamu ya wakubwa.

Muda, Jumapili saa tisa alasiri ni nzuri kwa kitabu, ila kwa projekta jua la Dodoma halikubali, ukuta unakuwa mweupe hamuoni kitu, labda mzibe madirisha kwa mablanketi na mkae na joto, bora msubiri saa moja kasoro giza likiingia. Na mvua ya Januari ikipiga kwenye bati hamsikii neno hata spika iwe kubwa vipi, kwahiyo sisi msimu wa mvua ni wa vitabu na kiangazi ni cha filamu. Umeme ukikatika katikati ya muvi msiahirishe, kaeni gizani muulizane mnadhani nini kitafuata na kwa nini, ni zoezi zuri sana, utajua nani alikuwa anaangalia. Karanga na juisi ya ubuyu zinatosha, kila mtu elfu moja.

Anayeongoza asihutubie. Kazi yake ni kuuliza umeona nini, na mtu akianza kusema filamu hii ni mbaya amrudishe: umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Dakika ishirini za kwanza ni za kuonana na kazi yenyewe tu, maandiko yafungwe. Najua hii inawasumbua wengi, ila Biblia ikifunguliwa mapema inageuka fimbo na watu wananyamaza. Baada ya hapo ifunguliwe, tena isomwe kwa kirefu, sura nzima, kwa sauti, na wenye Biblia ya Cigogo wasome ya kwao maana kuna wazee wanaosikia kwa undani zaidi kwa lugha hiyo. Kikao kifungwe kwa maombi mafupi, na muombeeni aliyetengeneza ile kazi kwa jina lake. Hiki kitu kinabadilisha namna watu wanavyomsema mtu.

Mara moja moja tokeni ndani. Tamasha la muziki wa Cigogo kule Chamwino ni karibu, mnapanda gari asubuhi mnarudi jioni, mtasikia zeze na ilimba, vyombo alivyovipeleka duniani Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu aliyefariki 2003, na mtaona muheme, akina mama wamebana ngoma katikati ya magoti wanapiga kwa mikono. Wapo waliofundishwa na kanisa kwamba ngoma hizo ni upagani mtupu. Hatua ni zilezile: sikiliza mpaka mwisho, alafu tafuta bibi anayejua umuulize huu wimbo unaimbwa lini, kwa nani, unasema nini. Muheme una uhusiano na mafunzo ya mabinti, kuna yaliyomo ambayo mama Mkristo atayashika na kuna ambayo atayaacha, na anayefaa kuamua hilo ni yeye aliyepita mle, akiwa na Biblia yake na wenzake, kuliko mimi mwanaume niliyesoma kwenye makala.

Kikao cha kwanza msianze na riwaya nzima. Someni 2 Samweli 11 na 12 kwa sauti, wasomaji wanne wapokezane, mmoja asome maneno ya Nathani tu. Alafu kila mtu aandike vitu vitatu alivyoviona, bila maoni, na zisomwe zote bila kukatishana. Wiki ya pili hadithi fupi moja ya Kiswahili inayoisha ndani ya nusu saa, wiki ya tatu mpumzike ili nakala za riwaya zianze kuzunguka, na aliyebeba cha maktaba aandikwe jina na tarehe ya kurudisha kwenye daftari la kikundi kabla hajatoka mlangoni.